Magodoro Arobaini na Haki Namba Nne

Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Bwana Levi Khaemba, Mkurugenzi wa Kanda wa Watoto Wanaolelewa na Serikali, alisimama mbele ya wasichana wa Makao ya Utulivu mjini Kitale, akatangaza kwamba sasa wataanza kuwa na haki.

Si siku hiyo. Haki zingewasili Ijumaa, saa nne Kitale na saa nane Bungoma, zikiletwa na Kamishna Jepkorir kutoka Nairobi katika gari jeupe. Kabla ya hapo, alieleza, wasichana waendelee kutumia ruhusa kama kawaida.

"Haki ni kumi," alisema. "Kila mmoja atazipata zote. Msisukumane."

Walimpigia makofi ya kilo, yale ya kuhesabiwa kwa pamoja, kama walivyofundishwa. Bwana Khaemba alijisikia vizuri. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amelea watoto wa watu kwa kutumia faili, na hakuna faili hata moja iliyowahi kulia.

Isipokuwa ya Nelima, kama faili ingeweza. Hiyo ilikuwa nene kuliko zote, na siku hiyo Kadija, metroni wa Utulivu, alikuwa ameikumbatia mlangoni mwa ofisi.

"Bwana Mkurugenzi, na hii ya Nelima tuifanye aje?"

"Ameomba tena?"

"Mara ya kumi na mbili."

"Si tulimjibu?"

"Mara kumi na moja."

Ombi lenyewe lilikuwa la mistari miwili. Nelima, mwenye miaka kumi na sita, aliomba kwenda Makao ya Shukrani, Bungoma, kumwona mdogo wake Linet, mwenye miaka minane. Walikuwa wameletwa pamoja kutoka Sirisia miaka miwili iliyopita, nyanya yao alipofariki. Langoni waligawanywa kwa sera: waliozidi miaka kumi Kitale, wasiozidi Bungoma. Tangu siku hiyo hawakuwa wameonana.

Bwana Khaemba hakuwa na ubaya na mtoto. Tatizo lilikuwa utaratibu, na utaratibu aliupenda kwa sababu aliutunga mwenyewe, wikendi mbili mfululizo, akiwa amezima simu. Uliitwa Fomu ya Uthibitisho wa Undugu, nakala tatu. Ulisema kwamba mtu yeyote alalaye ndani ya uzio wa makao hatatoka kwenda kuona jamaa yake mpaka undugu wao uthibitishwe kwa barua ya chifu. Alikuwa ameandika "mtu yeyote" kwa makusudi, ili hata askari wa lango asije akajifanya ana shangazi. Chini ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo za heshima, paliandikwa: Imebuniwa na L. Khaemba.

"Barua ya chifu iko?" aliuliza.

"Chifu Wakoli wa Sirisia anasema hawezi kuandika bila kuwaona. Ati waende wote wawili, aangalie kama wanafanana."

"Basi waende."

"Hawawezi kutoka bila fomu."

"Basi wajaze fomu."

"Fomu inataka barua ya chifu, Bwana Mkurugenzi."

Bwana Khaemba aliegemea kiti. Kila alipousikia utaratibu wake ukisomwa kwa sauti aliona jinsi ulivyokaza, hauna hata ufa.

"Na tukumbuke, Mama Kadija, huyo Linet kwenye rejista ameandikwa hana jamaa. Angekuwa na jamaa, angekuwa kwetu? Yuko kwetu. Kwa hiyo hana."

"Lakini Nelima ni dada yake."

"Nelima pia yuko kwetu," alisema Bwana Khaemba kwa upole, akaandika jibu lake la siku zote: Ombi lako limepokelewa kwa moyo mkunjufu.

*

Maandalizi ya kupokea haki yalianza Jumanne kwa kufungua stoo.

Ndani ya stoo mlikuwa na magodoro arobaini ya ukaguzi, manene, ya bluu, yangali ndani ya plastiki zake. Plastiki hazikuondolewa kwa sababu godoro lisilo na plastiki linaweza kulaliwa. Siku za kawaida wasichana walilalia magodoro mengine, membamba kama chapati ya jana, ambayo hayakuhesabiwa kama vifaa bali kama hali ya hewa. Mgeni akija, membamba yaliingia stoo na manene yakatoka. Mgeni akiondoka, yalibadilishana tena. Utaratibu huu Bwana Khaemba aliuita Mzunguko wa Faraja.

Shida ilikuwa kwamba kanda nzima ilikuwa na magodoro arobaini tu, na Kamishna angekagua makao mawili siku moja. Mtu mwingine angeshtuka. Bwana Khaemba aliita lori.

Shida ya pili ilikuwa watoto wa Bungoma. Walikuwa wadogo, na walikuwa na tabia mbaya moja: kila gari lilipoingia lango la Shukrani walilikimbilia, wakashika vitasa, wakamuuliza kila aliyeshuka, "Umenikujia?" Mwaka uliopita mgeni mmoja wa kaunti alirudi kwenye gari lake akakuta watoto watatu wameketi kiti cha nyuma, wameshikilia mifuko yao. Jambo kama hilo huharibu ripoti.

Kwa hiyo Bwana Khaemba aliamua kwamba wadogo wangefungiwa jikoni na uji, na mahali pao pangechukuliwa na Watoto wa Mfano kumi na wawili kutoka Kitale. Hao wangeimba asubuhi Kitale wakiwa na sweta za kijani, kisha wapande lori pamoja na magodoro, waimbe tena Bungoma wakiwa na sweta za maruni zilizoazimwa.

"Kamishna si atawajua?" Kadija aliuliza.

"Mkubwa haangalii sura, Mama Kadija. Anaangalia sweta."

Jumatano walichagua. Tabasamu rasmi lilikuwa la meno sita: manne ya juu, mawili ya chini. Bwana Khaemba alipita mstarini na kalamu, akihesabu. Alipofika kwa Nelima hakusimama, maana katika miaka miwili msichana huyo hakuwa ameonyesha jino.

"Watakaochaguliwa," alisema akiendelea kutembea, "watapanda lori hadi Bungoma."

Alisikia mtu akivuta pumzi. Aligeuka. Nelima alikuwa anatabasamu. Bwana Khaemba alihesabu mpaka kumi na manne, akaacha.

"Mmeona?" aliwaambia wengine. Akaandika kwenye daftari: Mtoto ameitikia sera.

Kadija aligawa haki za kukariri. Haki namba moja, ya kupendwa, alimpa msichana mwenye sauti nene. Namba nne alimpa Nelima. Bwana Khaemba hakupinga, kwa kuwa ilikuwa fupi: Mtoto hatahamishwa kutoka makao yake bila kuulizwa, na jibu lake litaandikwa na kuheshimiwa.

"Umeishika?" Kadija alimuuliza Alhamisi jioni, wakikunja sweta.

"Nimeishika, Mama Kadija."

"Isome tena."

Akaisoma. Kadija akamwambia aisome tena, polepole, kama mtu anayemwonyesha mwingine njia.

Siku hiyohiyo Bwana Khaemba aliweka sahihi hati za mwisho. Yeye hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Polisi wakisimamisha lori lenye wasichana kumi na wawili chini ya turubai, watauliza maswali, na ni haki yao. Kwa hiyo kila msichana aliandikiwa Hati ya Uhamisho, kutoka Utulivu hadi Shukrani, yenye muhuri. Hati za kurudi angeziandika huko Bungoma baada ya soda.

*

Ijumaa, haki zilichelewa kwa saa moja na nusu.

Kamishna Jepkorir alikuwa mama mrefu mwenye haraka. Alisema itifaki imezingatiwa, akasema watoto ni viongozi wa kesho, akasikiliza haki kumi zikikaririwa, akaingia bwenini. Huko aliketi juu ya kitanda. Plastiki ikalia chwaa.

"Mapya?"

"Yanatunzwa, madam," alisema Bwana Khaemba.

Mpiga picha akamwomba avue miwani, inameremeta. Kamishna akaivua, akaiweka kando yake, akatabasamu kwa meno sita bila kufundishwa na mtu, akainuka, akaenda zake. Miwani ilibaki juu ya godoro, mguu wake umenasa kwenye mkunjo wa plastiki.

Gari jeupe lilipopinda tu barabarani, Daud, dereva wa lori, alirudi nyuma mpaka mlango wa bweni. Wasichana walipakia magodoro arobaini kwa dakika kumi na moja. Hawakuwahi kufanya kazi ya serikali kwa bidii vile, na aliyekuwa mbele kabisa, akibeba mawili mawili kichwani, alikuwa Nelima.

Ili lori litangulie, ratiba ilikuwa na kipengele kilichoitwa Kipindi cha Tafakari, Misikhu, saa moja na nusu. Kamishna na Bwana Khaemba walitafakari kwenye hoteli moja kando ya barabara, kwa chai na kuku wa kienyeji.

"Khaemba, nimeacha miwani mahali," alisema Kamishna akipapasa mkoba. "Sioni kitu. Niandikie hiyo ripoti, nitaweka sahihi."

"Ya Kitale, madam?"

"Na ya Bungoma. Tuokoe wakati. Si ni kitu kimoja?"

Bwana Khaemba aliandika kwa furaha. Makao ya Utulivu: magodoro manene arobaini, watoto wenye tabasamu. Makao ya Shukrani: magodoro manene arobaini, watoto wenye tabasamu. Kamishna aliweka sahihi mahali alipoonyeshwa kwa kidole, akairudisha ripoti mkobani. Wakati huo lori likapita mbele ya hoteli, turubai likipepea, na chini yake sauti kumi na mbili zikiimba.

Kamishna alikaza macho. "Yale ni magodoro?"

"Ni biashara, madam. Misikhu inakua."

"Yanaimba?"

"Watu wa huku wanapenda nyimbo sana," alisema Bwana Khaemba, akamwongezea chai.

*

Shukrani ilikuwa tayari. Vitanda vilitandikwa, sweta za maruni zilivaliwa, jikoni palifungwa. Ripota wa redio ya mtaani alikuwa na maikrofoni yenye soksi ya sifongo. Kamishna aliingia bwenini kwa mwendo uleule, akapita kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne alisimama.

Juu ya plastiki kulikuwa na miwani.

Aliichukua. Aliigeuza. Aliivaa. Kisha akamtazama Bwana Khaemba kwa muda ambao haukuwa kwenye ratiba.

"Hii ni miwani yangu."

"Huduma zetu ni sawa katika kaunti zote mbili, madam," alisema Bwana Khaemba. Mambo yalikuwa yameharibika, lakini sentensi yenyewe aliipenda.

Kamishna aligusa mkoba, mahali ripoti ilipokuwa imelala na sahihi yake. Akatoka nje, akaketi kwenye kiti cha mgeni wa heshima, akasikiliza haki zikikaririwa upya. Zilipofika namba nne alisogea mbele.

"Huyu msichana nimemsikia mahali."

"Sauti za haki hufanana, madam."

Na mambo yangeishia hapo, kila mtu akapewa soda, kama si Daud kurudisha lori nyuma. Lori lilinguruma. Watoto waliokuwa jikoni wakasikia gari, na mlango wa jiko la serikali hauna kitasa cha kuzuia jambo kama hilo. Walitoka mbio, arobaini kasoro, midomo ina uji, wakazingira gari jeupe. "Umenikujia? Aunty, umenikujia mimi?"

Mmoja tu hakwenda kwenye gari. Alikuwa mfupi, amenyolewa, soksi moja. Alisimama mbele ya mstari wa Watoto wa Mfano, akamwangalia Nelima kuanzia miguuni.

"Hiyo sweta ni ya Leila," alisema.

"Ndiyo," alisema Nelima. "Nimeazima."

"Leila ananyimana. Alikupatia?"

"Alinipatia."

Mtoto akafikiri. "Sweta ni ya Leila," alisema tena, "lakini wewe ni wangu." Akaushika mkono wa sweta, akausokota mara mbili kwenye ngumi yake, namna ya kushika kitu kwenye umati wa watu.

Tabasamu la meno sita lilikuwa limemtoka Nelima usoni, na kilichobaki hakikuwa na hesabu.

"Haya wasichana!" Daud aliita, akishusha turubai. "Juu ya lori! Na magodoro tuanze na ya mwisho!"

Wale kumi na mmoja walijongea. Nelima hakujongea. Bwana Khaemba alimfikia kwa hatua za haraka, akainama, akaongea bila kufungua midomo.

"Nelima. Lori."

"Sir, sijaulizwa."

"Nini?"

"Namba nne. Sijaulizwa." Alikuwa akiyasema maneno hayo chini chini, akiangalia viatu vya Mkurugenzi. Lakini aliyasema.

"Amesema nini?" Kamishna aliuliza kutoka kitini.

"Anashukuru, madam!"

"Amesema hajaulizwa," alisema Kadija, aliyekuwa amefika na lori, akikunja shuka kwa utaratibu kabisa.

Ripota wa redio alisogeza maikrofoni. Kamishna Jepkorir aliona maikrofoni, akaona lori, akaona godoro la bluu juu ya bega la Daud. Safari hii alikuwa na miwani. Angeweza kusema amedanganywa, lakini angesemaje, wakati ripoti ya Bungoma ilikuwa imesainiwa Misikhu, ikinuka kuku? Bwana Khaemba alimwona akifikia uamuzi jinsi mtu anavyofikia kituo.

"Wananchi!" alisema Kamishna akisimama. "Leo tumeshuhudia mtoto wa kwanza kutumia haki namba nne! Bwana Khaemba, muulize."

"Madam, huyu ni wa Kitale..."

"Hati yake inasema wapi?"

Kadija alikuwa nayo. Muhuri ulionekana kutoka mbali. Utulivu hadi Shukrani, L. Khaemba.

"Muulize," alisema Kamishna. "Kwa sauti. Redio isikie."

Bwana Khaemba alikohoa. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumuuliza mtoto swali ambalo hakulijua jibu lake, na hata hili alilijua.

"Je, wewe Nelima, ungependa kuhamishwa kutoka makao yako haya?"

"Hapana, sir."

"Andika," alisema Kamishna. Bwana Khaemba akaandika.

Wale kumi na mmoja nao waliulizwa. Walisema watarudi Kitale, kwa marafiki zao, ila na magodoro. Ndipo wadogo wa Bungoma, ambao walikuwa wameshaanza kurarua plastiki, walipiga kelele kwamba magodoro nayo yaulizwe. Kamishna alisema ripoti inaonyesha makao yote mawili yana magodoro arobaini, na yeye hawezi kukosana na ripoti yake. Kwa hiyo yale ya Bungoma yangebaki Bungoma, na ya Kitale yangepatikana kufikia Jumatatu, kwa njia ambayo Bwana Khaemba angeijua mwenyewe.

Lori lilirudi Kitale tupu, wasichana kumi na mmoja wakiwa wamesimama.

*

Afisa aliyesifiwa katika ripoti hawezi kuadhibiwa. Huadhibiwa kwa kupandishwa cheo. Barua ilimfikia Bwana Khaemba baada ya majuma mawili: kwa kutambua usawa wa huduma alioujenga, amepelekwa mara moja kaskazini, safari ya siku mbili, kuanzisha makao mapya, na atalala humohumo ndani ya uzio ili kuwa mfano. Aliandika kuuliza kwa nini hakuulizwa. Alijibiwa kwamba hayo ni ya watoto.

Mkewe Sellah na binti yao mdogo walibaki Kitale. Mwezi wa kwanza alijikaza. Mwezi wa pili, binti yake alipomuuliza kwenye simu kama anarudi au wamtoe kwenye picha ya mezani, aliandika kwa Kaimu Mkurugenzi wa Kanda ombi la mistari miwili: siku tatu tu, awaone.

Kaimu Mkurugenzi alikuwa Kadija. Jibu lilikuja haraka. Ombi lako limepokelewa kwa moyo mkunjufu. Kwa kuwa unalala ndani ya uzio wa makao, tafadhali jaza fomu uliyoambatishiwa, nakala tatu. Pembeni, kwa kalamu, aliongeza kwamba fomu hiyo Kitale na Bungoma wameshaifuta, lakini kaskazini bado ni mpya.

Bwana Khaemba, mzaliwa wa Sirisia, alimpigia simu Chifu Wakoli akiwa amesimama juu ya jiwe, mahali pekee penye mtandao.

"Barua? Hakuna shida, mkubwa," alisema chifu. "Njoo tu na mama na mtoto niwaone. Niangalie kama mnafanana."

"Chifu, unanijua! Tulisoma darasa moja!"

"Mimi nakujua. Fomu haikujui. Inasema niwaone."

"Siwezi kutoka bila fomu."

"Basi jaza fomu."

"Fomu inataka barua yako!"

Chifu alisikika akigeuza karatasi, akirudia, akigeuza tena, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta.

"Lakini wewe," alisema mwisho, "hebu niambie kitu. Ni mjinga gani alitunga hii fomu, bana?"

Bwana Khaemba aliitazama nakala iliyokuwa mkononi, chini kabisa, kwenye herufi ndogo za heshima.

"Haloo?" alisema. "Haloo? Chifu, mtandao umepotea."

"Mimi nakusikia vizuri," alisema Chifu Wakoli.